Vishikwambi vizima vyageuka mizigo baada ya programu kuvikimbia

MZAZI anayepita katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi akitafuta kishikwambi cha mwanawe hapati shida ya kukipata. Vimepangwa ndani ya makabati ya vioo vikimeta, bei ni ya kujadiliana, na mwenye duka yu tayari kukiwasha ili mnunuzi ajionee jinsi kioo kinavyoitikia kidole. Kisichoonekana pale, na ambacho ni wachache wanaokumbuka kukiuliza, ni toleo la mfumo wa Android lililomo ndani na iwapo kifaa hicho kina idhini ya kuingia katika duka la programu la Google, Play Store.

Jibu hupatikana baadaye nyumbani, mtoto anapotafuta programu aliyoagizwa na mwalimu na kukutana na ujumbe kwamba programu hiyo haioani na kifaa chake. Waliotafsiri mfumo huo kwa Kiswahili ndio walioteua kitenzi hicho, kuoana, na yamkini hawakutarajia kwamba kingeieleza hali yenyewe kwa usahihi kiasi hicho: mmoja wa wachumba amekataa, wala hasemi kwa nini.

Kifaa chenyewe mara nyingi hakina hitilafu yoyote. Betri bado inahifadhi chaji, kioo hakina ufa, spika zinasikika. Kilichobadilika ni ulimwengu unaokizunguka, na kishikwambi kisichoweza kupokea programu ni kioo kitupu, hata kiwe kilinunuliwa kwa bei gani.

Ili kuelewa jinsi kifaa kizima kinavyokataliwa, ni sharti kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo wauzaji wengi huyataja kana kwamba ni jambo moja. Android, ambayo Google iliinunua mwaka 2005 ilipokuwa kampuni changa, ni mfumo ambao msimbo wake umeachwa wazi. Kiwanda chochote duniani kinaweza kuuchukua, kuurekebisha na kuupachika kwenye kifaa chake bila kulipa hata senti. Lakini duka la programu, lililoanza mwaka 2008 kwa jina Android Market na kubatizwa upya kuwa Google Play mnamo Machi 2012, si sehemu ya msimbo huo. Ni mali ya Google. Vivyo hivyo ramani zake, YouTube, na ile huduma isiyoonekana kwa macho iitwayo Google Play Services, ambayo programu nyingi huitegemea ili kujua mahali mtumiaji alipo, kumpelekea taarifa na kuthibitisha akaunti yake. Vitu hivyo hupewa watengenezaji waliotia saini mkataba na ambao vifaa vyao vimefuzu majaribio.

Masharti ya mikataba hiyo ndiyo yaliyoifikisha Google mbele ya Tume ya Ulaya, iliyoitoza faini ya Euro bilioni 4.34 mnamo Julai 2018 kwa kutumia Android kuwabana washindani. Mahakama ya Ulaya iliipunguza faini hiyo hadi Euro bilioni 4.125 mwaka 2022. Mteja wa Luthuli hakuwa na habari na kesi hiyo, lakini kiini chake ndicho kinachomkabili anapokitazama kisanduku kilichoandikwa Android kwa herufi kubwa bila nembo yoyote ya Google.

Vishikwambi vilikuwa na mkosi tangu mwanzo. Kampuni ya Samsung ilipotoa Galaxy Tab mwishoni mwa mwaka 2010 ili kukabiliana na iPad ya Apple, kifaa hicho kiliendeshwa na Android 2.2, toleo ambalo Google yenyewe ilikuwa imetahadharisha kwamba halikuandaliwa kwa ajili ya vioo vikubwa. Toleo la 3.0, lililobuniwa mahususi kwa vishikwambi, lilifuata Februari 2011, lakini Google haikuutoa wazi msimbo wake wakati huo kama ilivyokuwa desturi. Viwanda vidogo vya China havikungoja. Vilichukua matoleo ya simu, vikayanyoosha yakaenea kwenye kioo cha inchi 7 au 10, na kuvisafirisha vifaa hivyo kote duniani bila duka rasmi la programu.

Wafanyabiashara nao wakajifunza kulipachika duka hilo kwa mkono. Kwa miaka kadhaa ujanja huo ulifaulu, hadi Machi 2018 Google ilipoanza kuvizuia vifaa visivyoidhinishwa kuingia katika akaunti zake. Mwaka mmoja kabla ya hapo Netflix ilikuwa imeiondoa programu yake machoni pa vifaa vya aina hiyo vinapolitembelea duka. Waliokwisha kununua walibaki na vishikwambi vinavyowaka, vinavyocheza video zilizohifadhiwa humo, na visivyoweza kufanya mengi zaidi.

Si viwanda visivyojulikana pekee vilivyo nje ya lango hilo. Vishikwambi vya Fire vya kampuni ya Amazon, ambavyo jamaa walioko Marekani hupenda kuwaletea watoto nyumbani kwa sababu ya bei yao nafuu, vimejengwa juu ya msingi wa Android tangu kile cha kwanza kilipouzwa Novemba 2011, lakini havina Play Store. Vina duka la Amazon lenyewe, ambalo bidhaa zake ni chache mno likilinganishwa na la Google. Anayekipokea kama zawadi hugundua kwamba programu anayoiona kwenye simu ya jirani haimo kabisa katika duka lake, na hakuna kosa alilofanya.

Huawei ilitolewa nje kwa njia nyingine. Mnamo Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka kampuni hiyo ya China kwenye orodha ya wanaohitaji kibali maalumu ili kuuziwa teknolojia ya Marekani, na vifaa vyake vipya vilivyofuata vikazinduliwa bila huduma za Google. Vile vilivyoidhinishwa kabla ya marufuku viliendelea kulifikia duka. Hivyo basi ikawezekana vishikwambi viwili vya kampuni moja, vinavyofanana kama shilingi kwa ya pili, kukaa kwenye rafu moja, kimoja kikiwa na Play Store na kingine kikitegemea duka la Huawei liitwalo AppGallery. Ni vigumu kumlaumu mnunuzi aliyeshindwa kuvitofautisha.

Miaka inavyohesabiwa

Hata hivyo, kikwazo kinachowagusa watu wengi zaidi si idhini bali umri. Kila programu hutaja toleo la chini kabisa la Android inaloweza kuendeshwa nalo, na kadiri miaka inavyosonga, kiwango hicho hupandishwa. WhatsApp iliacha kuhudumia matoleo yaliyo chini ya 4.1 Novemba 2021, kisha yaliyo chini ya 5.0 mnamo Oktoba 24, 2023. Google nayo ilitangaza katikati ya mwaka 2023 kwamba huduma yake ya Play Services isingesasishwa tena kwa toleo la 4.4, ambalo lilikuwa na umri wa takriban miaka 10.

Kivinjari cha Chrome kimekuwa kikali zaidi. Toleo lake la 119 lilikuwa la mwisho kukubali Android 7. Kuanzia lile la 120, lililotoka Desemba 2023, kifaa kilitakiwa kuwa na Android 8 au zaidi. Chrome 138 ya mwaka 2025 ikawa ya mwisho kwa Android 8 na 9, na tangu Agosti mwaka huo anayetaka toleo jipya la kivinjari hicho anahitaji angalau Android 10. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa maana programu nyingi huonyesha kurasa zao kwa kutumia sehemu ya mfumo inayosasishwa pamoja na kivinjari hicho. Chrome inapokwama, nyingine hukwama nayo kimyakimya.

Miaka hiyo ikilinganishwa na kalenda ya nchi, maana yake hudhihirika. Mnamo 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma, kufuatia ahadi ya kampeni ya mwaka 2013 ambayo awali ilikuwa ya vipakatalishi. Vifaa hivyo, vilivyotolewa na miungano ya kibiashara iliyohusisha Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, vilizidi milioni 1 na kufika katika shule zaidi ya 20,000. Walengwa wa kwanza walikuwa wanafunzi wa Darasa la Kwanza.

Mtoto aliyeingia Darasa la Kwanza mwaka 2016 alifanya mtihani wa KCPE mwishoni mwa mwaka 2023, mtihani ambao ulikuwa wa mwisho wa aina yake katika historia ya nchi. Kishikwambi cha Android kilichotoka kiwandani mwaka huo alioanza shule, kikiwa na toleo jipya kabisa la wakati huo, lile la 7, kiliachwa nyuma na Chrome muda mfupi baada ya mtoto huyo kupata matokeo. Yeye alikuwa akijiandaa kuingia sekondari. Kifaa kilikuwa kikihesabiwa miongoni mwa mazee.

Mfano wa sensa ya mwaka 2019 ni mkali zaidi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuhesabu watu wake kwa vishikwambi badala ya karatasi, na usiku wa sensa ulikuwa Agosti 24. Android 10 ilitolewa rasmi Septemba 3 mwaka huo, siku 10 baadaye. Kwa maneno mengine, kishikwambi chochote cha Android kilichobebwa mlangoni pa mwananchi usiku ule hakingeweza kuwa na toleo rasmi lililo juu ya la 9. Kama hakikuongezewa toleo jipya baadaye, Chrome ilikiaga baada ya miaka 6 kamili.

Miaka 6 kwa simu ya mtu binafsi ni mingi. Kwa mali ya umma ni michache. Dawati la shule hudumu miaka 20 likikarabatiwa, na kitabu cha kiada hupokezanwa na madarasa mengi. Anayeandaa bajeti ya shule kwa mazoea hayo hujikuta ameweka kishikwambi katika fungu lisilokifaa, kwa sababu muda wa maisha yake haukuamuliwa na fundi wala na utunzaji wa mwalimu mkuu.

Kwa nini basi kifaa hakipandishwi toleo? Hapa ndipo maelezo ya wauzaji hupungua. Toleo jipya la Android linapotolewa na Google haliendi moja kwa moja kwa mtumiaji. Ni lazima mtengenezaji wa chipu aandae vijenzi vinavyoiwezesha chipu yake kuelewana na toleo hilo, kisha mtengenezaji wa kifaa alirekebishe, alijaribu na kulisambaza. Kiwanda kinachouza kishikwambi kwa faida ndogo hakina sababu ya kibiashara ya kurudia kazi hiyo kwa kifaa kilichokwisha kulipiwa. Mwenye chipu naye akishaacha kuihudumia, mlolongo mzima hukatika. Google ilijaribu kulegeza fundo hilo mwaka 2017 kwa kutenganisha mfumo na vijenzi vya chipu katika Android 8, na tena mwaka 2019 kwa kufanya baadhi ya sehemu za Android 10 zisasishwe kupitia duka lake. Hatua hizo zimesaidia. Lakini hazikuvirudia vifaa vilivyokwisha kuuzwa, na vishikwambi vingi vya bei nafuu bado hufa na toleo vilivyozaliwa nalo.

Lipo pia tatizo la vyeti vya usalama, ambalo ni la kiufundi zaidi ila lina matokeo ya wazi. Tovuti hujithibitisha kwa kifaa kwa cheti, na kifaa hubeba ndani yake orodha ya mamlaka inazoziamini. Shirika la Let's Encrypt, linalotoa vyeti bila malipo kwa mamilioni ya tovuti, lilieleza Novemba 2020 kwamba takriban asilimia 33.8 ya vifaa vya Android vilikuwa na matoleo yaliyotangulia 7.1 na kwa hivyo havikuujua mzizi wake mpya, ambao uliingizwa katika toleo la 7.1.1. Cheti cha zamani kilichokuwa kikivibeba kilitarajiwa kuisha Septemba 2021. Shirika lilitafuta njia ya muda iliyovipa vifaa hivyo nafasi hadi 2024. Baada ya hapo, kishikwambi cha Android 6 hukataa kufungua tovuti iliyo salama kabisa kikidai kwamba si salama, na mtumiaji asiyejua chanzo hudhani intaneti imekatika.

Kamera isiyokuwepo

Wakati mwingine kifaa ni kipya, kina idhini, kina toleo la kisasa, na bado programu haionekani dukani. Duka la Google huchuja orodha yake kulingana na vipengele vya kifaa. Programu ikitangaza kwamba inahitaji kupiga simu au kutuma ujumbe mfupi, vishikwambi visivyo na nafasi ya laini ya simu havioneshwi programu hiyo kabisa. Wala si lazima muundaji awe amekusudia hivyo: akiomba tu ruhusa ya kutuma ujumbe mfupi bila kuongeza sentensi moja kueleza kwamba uwezo huo si wa lazima, duka huchukulia kwamba ni wa lazima.

Google yenyewe ilinaswa na mtego huo. Kishikwambi chake cha Nexus 7 cha mwaka 2012, kilichotengenezwa na Asus, kilikuwa na kamera ya mbele peke yake. Katika lugha ya Android ya wakati huo, neno kamera lilimaanisha ya nyuma. Programu nyingi zilizotaja kamera zikatoweka machoni pa wamiliki wake ingawa zingefanya kazi bila taabu, na ikabidi matoleo yaliyofuata yaongeze istilahi mpya inayomaanisha kamera yoyote, ya mbele au ya nyuma.

WhatsApp, ambayo kwa Mkenya wa kawaida ndiyo intaneti yenyewe, ilikaa kwa miaka mingi bila kuwahudumia rasmi watumiaji wa vishikwambi. Ni mwaka 2023 ilipowezesha kishikwambi cha Android kuunganishwa na akaunti iliyomo kwenye simu, na wenye iPad walisubiri hadi Mei 2025. Katika kipindi hicho chote, walimu walioanzisha makundi ya wazazi na wanafunzi walikuwa wakiwaelekeza watu kwenye programu ambayo vifaa vya shule havikuweza kuipokea kwa njia ya kawaida.

Ipo sababu ya kibiashara nyuma ya uzembe huo. Vishikwambi vya Android vilikuwa vikidharauliwa hata na mwenye mfumo. Mwaka 2019 Google ilisema haitatengeneza tena vishikwambi vyake, kisha ikarejea sokoni mwaka 2023 na Pixel Tablet. Muundaji wa programu mwenye wafanyakazi wawili hawezi kulaumiwa sana akielekeza nguvu zake kwenye simu.

Mipaka ya nchi nayo huchangia, ingawa makali yake yamepungua. Mwenye programu huchagua nchi ambamo itapatikana. Spotify, kwa mfano, haikufunguliwa Kenya hadi Februari 2021, na kabla ya hapo mtu angeweza kuwa na kifaa bora kuliko vyote jijini na bado akaambiwa haipatikani nchini mwake.

La kushangaza zaidi ni kwamba kinyume chake pia hutokea: kishikwambi kipya kuikataa programu ya zamani. Tangu 2018 Google imekuwa ikiwataka waundaji wazilenge programu zao kwa matoleo ya karibuni ya Android, na kiwango hicho hupandishwa kila mwaka. Kufikia Agosti 31, 2025, programu mpya na masasisho yalitakiwa kulenga Android 15. Sharti hilo lisichanganywe na lile la toleo la chini kabisa, kwa sababu programu inaweza kulenga Android 15 na bado ikaendeshwa kwenye Android 6 endapo muundaji ataamua. Lakini ile iliyoachwa bila kuguswa kwa miaka kadhaa hufichwa dukani isionekane na wenye vifaa vya kisasa. Kuanzia Android 14, mfumo wenyewe huzuia hata kupachikwa kwa mkono programu iliyolenga matoleo yaliyotangulia Android 6.

Google inatoa sababu ya usalama, na ni ya kweli: programu hasidi zilikuwa zikijifanya za kale ili kukwepa masharti mapya ya ruhusa. Ila chukua shule iliyonunua programu ya mazoezi ya hisabati kutoka kwa kijana mmoja aliyeiandika akiwa chuoni, na sasa kijana huyo ameajiriwa kwingine. Vishikwambi vyake vya kale vinaikubali programu hiyo lakini vinakataliwa na zote nyingine. Vipya vinakubaliwa kwingine kote lakini haviioni hiyo. Mwalimu mkuu hulazimika kuhifadhi vyote viwili.

Njia za panya

Panapokuwa na mlango uliofungwa hupatikana dirisha. Vijana wengi hupokezana programu kupitia Bluetooth au kwa kutumia Xender, na tovuti za kupakua faili za programu nje ya duka rasmi zina wateja tele. Zipo njia halali miongoni mwa hizo. Duka la F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010, husambaza programu za msimbo wazi na baadhi hukubali matoleo ya kale. Wajuzi hubadilisha mfumo mzima na kuweka LineageOS, mradi kifaa kiwe miongoni mwa vile vilivyoshughulikiwa na wanaojitolea, jambo ambalo ni nadra kwa vishikwambi visivyo na jina.

Wengine huangukia mikononi mwa matapeli. Matoleo bandia ya WhatsApp yamekuwa maarufu kwa muda mrefu, na mwaka 2019 kampuni hiyo ilizifungia kwa muda akaunti za waliokuwa wakiyatumia. Hatari nyingine huja ikiwa imepakiwa kiwandani. Mnamo Machi 2025 watafiti wa kampuni ya usalama ya Human walifichua mtandao uliopewa jina Badbox 2.0, ulioteka zaidi ya vifaa milioni 1 vya bei ya chini visivyoidhinishwa, vikiwemo vishikwambi na visanduku vya televisheni, vikitumiwa kwa ulaghai wa matangazo na kupitisha shughuli za wahalifu. Miezi mitatu baadaye shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kwa umma kuhusu vifaa hivyo.

Google imetumia hatari za aina hiyo kuhalalisha hatua ambayo imezua ubishi mkubwa. Agosti 2025 ilitangaza kwamba programu zitakazopachikwa kwenye vifaa vilivyoidhinishwa, hata nje ya duka lake, zitatakiwa kutoka kwa waundaji waliojitambulisha kwake, ratiba ikianza Septemba 2026 katika nchi za Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand kabla ya kuenezwa kwingineko kuanzia 2027. Baada ya malalamiko ilisema Novemba 2025 kwamba itawaachia njia watumiaji wazoefu wanaokubali kubeba hatari wenyewe. Jinsi njia hiyo itakavyokuwa nyembamba au pana ni suala linalomhusu mwalimu wa kijijini sawa na mtaalamu wa Nairobi, kwani mara nyingi programu ya shule hupokelewa kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, si dukani.

Serikali za kanda hii haziwezi kuilazimisha Google ibadilishe ratiba zake. Lakini ndizo wanunuzi wakubwa zaidi wa vishikwambi. Tanzania ilivitumia katika sensa ya Agosti 2022, na ilipofika Novemba mwaka huo ikaanza kuwagawia walimu. Uamuzi huo wa kuvipa kazi ya pili ulikuwa wa busara, na unastahili kuigwa. Lakini pia huongeza uzito wa swali ambalo zabuni za umma huliruka: mtengenezaji ataleta masasisho kwa miaka mingapi?

Zabuni za vifaa vya kompyuta huandikwa kwa kina kuhusu ukubwa wa kioo, kumbukumbu, betri na hata rangi ya kifuko. Kifungu kinachomtaka mshindi ahakikishe masasisho ya mfumo kwa miaka 7, mathalan, hakihitaji sheria mpya ya bunge. Muda huo si ndoto: Google iliuahidi kwa simu zake za Pixel 8 mwaka 2023 na Samsung ikafuata na Galaxy S24 Januari 2024, ingawa vishikwambi vya bei ya chini bado viko mbali na kiwango hicho. Mnunuzi wa kifaa kimoja hawezi kujadiliana na kiwanda. Mnunuzi wa vifaa laki mbili anaweza.

Kwingineko sheria zimeanza kusema. Tangu Juni 20, 2025, kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu simu na vishikwambi zinawataka watengenezaji wavipe masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya kifaa cha mwisho cha aina hiyo kuingizwa sokoni. Uingereza ilichagua njia nyepesi zaidi: sheria iliyoanza kutekelezwa Aprili 29, 2024 inamlazimu mtengenezaji atangaze waziwazi muda ambao atatoa masasisho ya usalama, ili mteja aamue mwenyewe.

Kenya inayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inayombebesha mzalishaji jukumu la bidhaa zake zinapoisha matumizi. Hakuna kati ya hizo inayomtaka muuzaji ataje siku ambayo kishikwambi kitaacha kusasishwa. Mamlaka ya Mawasiliano nayo, inapokiidhinisha kifaa kiingie nchini, huangalia zaidi iwapo kinaafikiana na mitambo ya mawasiliano. Kanuni fupi ya mtindo wa Uingereza ingegharimu wino wa kuchapisha tarehe moja juu ya kisanduku.

Kwa sasa, anayesimama mbele ya kabati la vioo Luthuli anaweza kujisaidia kwa dakika chache kabla ya kutoa pesa. Afungue mipangilio na kusoma toleo la Android pamoja na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama, akikumbuka kwamba vipo vishikwambi vilivyofanyiwa ujanja wa kuandika nambari kubwa kuliko iliyomo. Aingie ndani ya Play Store yenyewe, kwenye sehemu ya kuihusu, atazame kama kifaa kimeandikwa kuwa kimeidhinishwa. Kisha amwombe mwenye duka intaneti na kupakua pale pale ile programu ambayo mtoto ameagizwa. Ikikataa, bei iliyokuwa ikijadiliwa haina maana tena, na kabati lina vishikwambi vingine.